Tuwafunze vijana kusoma fomu ya kura

Ni ada yetu Wakenya, kila baada ya miaka mitano, kuuingia usiku wa kura ya urais kama jamaa za mgonjwa aliyepelekwa chumba cha upasuaji. Tunakaa nje, tunaulizana habari, na kila anayepita tunamchungua uso. Daktari peke yake ndiye ajuaye, nasi kazi yetu ni kungoja atoke atuambie. Usiku wa namna hiyo nimeupitia mara nane tangu nilipokuwa kijana, nikiuhesabu na ule wa marudio wa Oktoba 2017, na kila mara nimezidi kuona kwamba tunangoja kwenye mlango usiokuwa wetu. Kura ya urais haihesabiwi Nairobi. Nairobi inajumlishwa tu. Kuhesabiwa kwenyewe hufanyika madarasani, juu ya madawati yale yale ambayo mwalimu anayesoma makala haya huyapanga kila Jumatatu asubuhi. Katika uchaguzi wa 2022 vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, na idadi kubwa ya vituo hivyo ilikuwa katika shule zetu.

Mimi nilipiga kura yangu ya kwanza tarehe 29 Desemba 1992. Nilikuwa na umri wa miaka 20, nimekwisha maliza Kidato cha Nne, nangoja nafasi katika chuo cha ualimu, na nyumbani kwetu ni katika milima ya Taita. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa uzito wa siku ile. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee nchini, kilikuwa kimefutwa Desemba 1991. Mwaka 1988 tulikuwa tumewaona wazazi wetu wakipanga mlolongo nyuma ya wawaniaji katika uteuzi wa wabunge, mchana kweupe, na mlolongo ukishatawanyika hapana cha kuhesabu tena. Sasa palikuwa na karatasi, sanduku, wino wa kidoleni na wagombea urais wanane, miongoni mwao Daniel arap Moi, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Vijana wengi wenzangu walibaki watazamaji. Umri wa miaka 18 walikuwa wameutimiza, lakini vitambulisho hawakuwa navyo, na bila kitambulisho mtu hakuandikishwa.

Kwa kanuni za wakati huo, kura hazikuhesabiwa pale zilipopigwa. Masanduku yalifungwa kwa lakiri yakapelekwa penye kituo kimoja cha kuhesabia cha eneo zima la ubunge. Sisi vijana kama kumi hivi tulisimama kiwanjani magharibi ile, mvua imetoka kunyesha, tukaliona lori likipakiwa. Mawakala wa vyama wakagombania nafasi nyuma, wengine wakapata, wengine wakabaki na tope miguuni. Lori likawasha taa, likaanza kuteremka kona za mlima. Taa zikawa zikionekana na kupotea, zikionekana na kupotea, hata zikapotea kabisa. Hapo ndipo ulipokoma usiku wangu wa uchaguzi kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu. Yaliyosalia yote niliyasikia kwa watu.

Na niliyasikia mengi! KBC ndiyo iliyokuwa redio ya pekee nchini, na mwenye duka wetu alikuwa ameanika betri juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kufika alfajiri. Watu wakajazana kibarazani pake. Redio ikisoma matokeo ya mahali fulani, mmoja husema tumeshinda, mwingine husema hayo ni ya uongo, wa tatu husema lori la kwetu limekwama njiani, wa nne kwamba halikukwama bali limekwamishwa. Kufika usiku wa pili palikuwa na habari ya sanduku lililoonekana mtoni. Nani aliyeliona? Shemeji ya fulani. Katika habari zote hizo hapakuwa na hata moja ambayo kijana wa miaka 20 angeweza kuithibitisha wala kuikanusha, na wakubwa wetu nao hawakuwa na uwezo zaidi. Wahenga walituachia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi, kwa heshima zote, naona msemo huo ungefaa kuwekwa kabatini usiku wa kura.

Moi alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 36 ya kura, akaapishwa tarehe 4 Januari 1993. Upinzani uliokuwa umemeguka vipande ulikuwa umegawana zaidi ya asilimia 60. Kijijini kwetu mabishano yaliendelea hadi mavuno, lakini hapana aliyepata kujua kituo chetu chenyewe kilitoa kura ngapi kwa nani. Hesabu hiyo haikubandikwa mahali popote tulipoweza kuiona.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu wanafunzi wa leo hudhani kwamba mambo yalikuwa hivi hivi siku zote. Kuhesabu kura kituoni kulianza katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2002. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 86, ikaagiza kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe mara moja na msimamizi wa kila kituo. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyopelekwa na Maina Kiai na wenzake, ikaongeza kwamba matokeo yaliyotangazwa chini hayawezi kubadilishwa na makao makuu ya tume. Mnyororo mzima wa kura ya urais ukawa umeanzia kwenye karatasi moja iitwayo Fomu 34A.

Karatasi hiyo ni ya kawaida mno kwa kuitazama, na pengine ndiyo sababu hatuitii maanani. Ina jina la kituo na nambari yake. Ina idadi ya wapigakura walioandikishwa, ambao katika kituo kimoja hawakuzidi 700 mwaka 2022. Ina majina ya wagombea na kura za kila mmoja, jumla ya kura halali, na kura zilizokataliwa. Chini yake hutiwa saini za msimamizi na mawakala. Yanayotangulia kujazwa kwake nayo yafaa kujulikana: msimamizi hufunua kila karatasi ya kura, huwaonyesha mawakala, husoma jina kwa sauti, kisha huiweka penye fungu lake. Fomu ikikamilika nakala hubandikwa mlangoni. Yeyote aliyeamka mapema aweza kwenda kuisoma, awe mpigakura, awe mtoto aliyetumwa maziwa.

Lakini karatasi nzuri isiyosomwa haimlindi mtu. Mwaka 2007 kura zilikwisha kuhesabiwa vituoni, naam, ila safari ya takwimu kutoka kituoni hadi Nairobi ilikuwa gizani kama lile lori la kwetu. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilichunguza baadaye ikasema takwimu zilikuwa zimechafuka kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa haki. Wakati huo watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Vijana walifunga barabara kwa ajili ya tarakimu ambazo hawakuwahi kuziona, wakiwauliza wasafiri wenzao majina yao ya ukoo. Sitaki kuliendeleza hilo. Waliofiwa wangali nasi.

Nataka badala yake nizungumze juu ya namba nane. Usiku wa tarehe 4 Machi 2013 tume iliweka matokeo kwenye skrini, nchi nzima ikitazama. Kura zilizokataliwa zikaanza kupanda, zikapita 100,000, zikapita 200,000, hata zikazidi 300,000. Mjadala ukawaka: kura nyingi kiasi hicho, zikihesabiwa miongoni mwa zilizopigwa, zingeweza kumnyima mtu ule ushindi wa zaidi ya nusu. Baada ya siku mbili hivi tume ikaeleza kwamba programu ya kompyuta ilikuwa na kasoro, ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Idadi kamili mwishowe ilikuwa 108,975. Sasa, jambo hili lingeweza kugunduliwa na mwanafunzi wa shule ya msingi usiku ule ule. Angechukua fomu za vituo vitano vya jirani, aone kila kituo kimekataa kura mbili tatu, kisha aulize hizo laki tatu zatoka wapi. Tulikaa na skrini badala yake, tukatishwa na skrini, na skrini ndiyo iliyotutuliza ilipopenda.

Kosa la kutegemea skrini lilirudi kwa uzito mkubwa zaidi Agosti 2017, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Miongoni mwa yaliyowakera majaji wengi ni namna takwimu zilivyopeperushwa na fomu zenyewe zikachelewa kuonekana.

Basi tuje kwenye usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, ambao kwangu ndio wa ajabu kuliko yote. Tume iliamua kuweka picha za Fomu 34A kwenye mtandao wake, zipatikane kwa kila mtu, kituo kwa kituo, kadiri zilivyofika. Vituo vilifungwa saa kumi na moja jioni na kufikia asubuhi ya pili sehemu kubwa ya fomu hizo ilikuwa imekwisha kuwekwa. Binti yangu alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa chuo kikuu, na hiyo ilikuwa kura yake ya kwanza. Saa nne za usiku alitoka na shangazi yake hadi shuleni tulikopigia kura, akaipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni kwa simu yake, akarudi. Usiku wa manane alipoiona ile ya mtandaoni aliziweka pamoja, akafuata mstari kwa mstari kwa kidole kama mtu asomaye risiti ya duka.

“Baba, ni zile zile,” akasema.

Nilipokuwa na umri karibu na wake nililiona lori likishuka mlima. Yeye alikuwa na fomu mbili mkononi. Watu wanaosema kwamba nchi hii haijapiga hatua nawaomba waitafakari tofauti hiyo kabla hawajaendelea kunung’unika.

Hata hivyo, saa chache baadaye binti huyo huyo alikuja kwangu amefadhaika. Vituo vya televisheni vilikuwa vimeanza kujumlisha fomu hizo kila kimoja kwa njia yake, na saa ile ile kimoja kilionyesha William Ruto anaongoza, kingine Raila Odinga. “Baba, hawa wote wanasoma fomu zile zile. Mbona hawapatani?” Nikamwambia afikirie chungu kikubwa cha githeri ambacho hakijakorogwa. Mmoja anachota juu anapata mahindi matupu, mwingine anachota kando anapata maharagwe, na wote wawili wanasema kweli kuhusu kijiko chao. Fomu zilikuwa mbele ya wote; kila chumba cha habari kilianzia mahali pake na kaunti zake. Mwanangu alielewa mara moja. Lakini ni vijana wangapi usiku ule waliokuwa na mtu wa kuwaambia habari za kijiko? Nje tulisikia pikipiki zikipigiwa honi kusherehekea, baada ya saa moja zikanyamaza, kisha zikapiga honi zile za upande wa pili. Vyombo vya habari navyo vikapunguza mwendo vikakaribia kuacha kujumlisha kabla ya kufika mwisho, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa baya kuliko kutofautiana kwao, maana walituacha katikati ya daraja. Yalifuata majuma ya minong’ono ambayo hesabu iliyokamilika ingeyafupisha.

Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo. Kesho yake wakaeleza sababu zao mbele ya wanahabari, na moja ya sababu hizo ningependa kila mwalimu wa hisabati aiandike ubaoni. Walisema asilimia za wagombea wanne, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zikijumlishwa zinatoa 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000.

Twende polepole. Kura halali zilikuwa karibu milioni 14.2. Asilimia 1 ya milioni 14.2 ni 142,000. Asilimia 0.01 basi ni 1,420 hivi. Kosa la mara mia moja lilisomwa hadharani, mbele ya kamera, katika saa nyeti kabisa ya taifa. Wala hizo 1,420 zenyewe hazikuwa kura za mtu yeyote. Kila asilimia ilikuwa imekadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, na ikatokea kwamba zote nne zilivutwa juu kidogo: ya Raila, kwa mfano, ilikuwa 48.849 na ushei. Uvute juu mara nne, utapita mia. Makamishna hao walikuwa na malalamiko mengine pia, juu ya jinsi kazi ilivyoendeshwa ndani ya tume, na hayo yalistahili kusikilizwa nayo yalifika mahakamani. Lakini jioni ile hoja iliyoenea mitaani ilikuwa hiyo ya kura 142,000, na niliisikia ikirudiwa na watu wazima waliosoma wakafuzu.

Mahakama ya Juu ikiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome ilitoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote kwa kauli moja, ikayadumisha matokeo. Palikuwa na dai kwamba fomu zilinaswa njiani zikabadilishwa. Dai hilo liliweza kupimwa, kwa kulinganisha fomu za karatasi na zile za mtandaoni, na majaji hawakukuta tofauti ya maana. Mtu anaweza kutoupenda uamuzi ule. Hata hivyo dai lenyewe lilikuwa la kupimika, ilhali habari ya sanduku la mtoni ya 1992 haikupimika milele.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkuu, husema kwamba kuleta fomu ya kura darasani ni kuleta siasa shuleni, na mwalimu mwenye busara hukaa mbali na moto huo. Ninamheshimu, ila siafikiani naye. Siasa zimekwisha ingia shuleni kwa mlango wa mbele, zikaweka vibanda vya kupigia kura karibu na ubao. Walimu wetu ndio makarani na wasimamizi kwa maelfu, na wanafunzi wetu ndio wanaopewa likizo ili madarasa yapatikane. Ajabu ni kwamba shule zikifunguliwa tunafagia, tunabandua karatasi zilizo mlangoni, tunaendelea na somo la asilimia kwa mifano ya maembe na machungwa.

Wengine watauliza kama kujua hesabu kutawaponya watu wasioaminiana. Sidhani kutawaponya. Tumegawanyika kwa mambo ya ardhi, ya kabila na ya kazi ambayo hakuna fomu iwezayo kuyatibu. Lakini kijana anayejua kwamba matokeo ya awali si mwelekeo, na kwamba anaweza kutembea hadi shuleni akahakikisha tarakimu moja kwa macho yake, ni mgumu zaidi kutumwa kufunga barabara. Na pengine atajiandikisha. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 tu ya wapigakura walioandikishwa, idadi yao ikiwa imeshuka kuliko 2017, ilhali hao ndio wengi nchini. Wenzangu wa 1992 walinyimwa nafasi kwa kukosa kitambulisho. Hawa wa leo wengi wanacho, wanakataa kukitumia, na sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi ni kwamba kura zao zitakwenda kubadilishwa “huko juu”. Hawajaambiwa kwamba huku chini kuna karatasi.

Kwa hivyo ninaiomba tume ya uchaguzi ichapishe nakala ya mlangoni kwa herufi kubwa, katika Kiswahili sanifu, na iihifadhi dhidi ya mvua ili ikae japo siku saba. Vyombo vya habari vinavyoanza kujumlisha vijumlishe hadi fomu ya mwisho, na kila jumla iandikwe imetoka vituo vingapi na kaunti zipi. Nao walimu hawana haja ya kungoja waraka wa wizara. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Chora fomu ubaoni yenye wagombea A, B, C na D, majina ya vyama usiyaguse. Kituo kina walioandikishwa 652. Mgombea A amepata kura 312, B amepata 187, C amepata 3, D amepata 1. Zilizokataliwa ni 4. Penye jumla ya kura halali msimamizi, aliyeamka saa tisa za usiku na sasa imekaribia tena saa hiyo, ameandika 530. Waache wanafunzi walitafute kosa wenyewe. Wakilipata, waulize kama mtu huyo ameiba au amesinzia, na wangetaka waonyeshwe nini kabla ya kujibu.